Mifumo isomane, sawa, isome nini?

Tarehe 8 Julai 2021 Mahakama ya Juu ya India iliwapa dhamana ya muda wanaume 13 waliokuwa katika gereza la Agra. Hawakuwa wafungwa wa juzi. Walikuwa wamekaa ndani kati ya miaka 14 na 22, na ilikwisha kuthibitika kwamba walipotenda makosa yao walikuwa bado watoto kisheria. Amri ikatoka, mawakili wakaisikia, magazeti yakaiandika. Siku zikaendelea kupita na wale 13 bado wanalala palepale, kwa sababu gereza lilikuwa linasubiri nakala iliyothibitishwa ije kwa posta.

Jaji Mkuu wa wakati ule, N. V. Ramana, alichukizwa na akasema hadharani: katika zama hizi bado tunatazama angani tukingoja njiwa watuletee amri za mahakama. Mahakama ikalivalia njuga suala hilo yenyewe, bila kungoja mtu afungue shauri, na tarehe 31 Machi 2022 ukazinduliwa mfumo wa kupeleka amri zake magerezani kwa njia ya kielektroniki.

Ni rahisi kumcheka mkuu wa gereza. Lakini kaa kwenye kiti chake kidogo. Ukimwachia mtu kwa karatasi ya kughushi, kesho wewe ndiye mshtakiwa. Ukimchelewesha mtu mwenye haki ya kutoka, unaitwa mfuata taratibu. Habari alikuwa nayo. Alichokosa ni habari anayoweza kuitegemea, yenye mtumaji anayejulikana, ambayo akiulizwa mwakani atasema: nilitekeleza hii hapa.

Nimeanza mbali kwa sababu hapa nyumbani Tanzania neno la siku ni "kusomana". Mifumo ya serikali isomane, yaani kompyuta za taasisi zipeane taarifa zenyewe kwa zenyewe: Rais Samia Suluhu Hassan amelirudia agizo hilo kwenye hotuba mara nyingi kiasi kwamba hata wauza vocha wanalijua. Ni neno zuri, tena la kwetu. Ila kwenye haki jinai, yaani polisi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza, kusoma ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu uko kwenye kukubaliana kinachosomwa ni nini, ni cha nani, na aliyekisoma anawajibika kufanya nini.

Mtu mmoja, namba nyingi

Tuseme simu imeibwa Kariakoo. Mwenye simu anakwenda kituoni, anaeleza, anapewa RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi. Namba ile ni ya tukio. Wakati huo hakuna hata mtuhumiwa. Upelelezi ukianza, linafunguliwa jalada lenye namba ya IR, yaani ya rejista ya upelelezi. Wakikamatwa vijana watatu, jalada ni lilelile moja. Likipanda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka linaandikwa kwenye rejista ya huko. Likifika mahakamani, karani anasajili Kesi ya Jinai namba fulani ya mwaka fulani. Kijana mmoja akikosa wadhamini anapandishwa karandinga kwenda rimandi, na gereza nalo linampa namba ya mahabusu. Akitiwa hatiani na kufungwa, anakuwa mfungwa mwenye namba nyingine.

Hakuna mzembe hapo. Kila taasisi inahesabu kile ilichoundwa kukihesabu. Polisi wanahesabu matukio, wakili wa serikali anahesabu majalada, mahakama inahesabu mashauri. Magereza wanahesabu vichwa, tena kwa maana halisi, watu wakiwa wamechuchumaa kwenye mistari asubuhi na jioni. Waulize wote wanne mwaka huu kumekuwa na wizi mara ngapi, utapata majibu manne na yote ni ya kweli. Unganisha kompyuta zao kwa waya mnene kuliko mkongo wa taifa wa mawasiliano. Majibu yatabaki manne, ila yatafika haraka zaidi.

Uzi wa kuyashona pamoja ni mtu mwenyewe. Na mtu ana jina, ndipo shida inapoanza. Mohamedi, Mohamed, Muhammad na Mohammed wanaweza kuwa watu wanne, au mtu mmoja aliyeandikishwa na askari wanne. Hati zetu za mashtaka zina desturi ya kuweka majina ya mtaani kwa alama ya @, kama vile Juma Athumani @ Chuma. Kila mwanasheria wa Tanzania anaielewa. Kompyuta nyingi zikiiona zinadhani umewaletea barua pepe.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ingesaidia: tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Lakini anayekamatwa saa nane usiku hana kitambulisho mfukoni, wengine hawajawahi kuandikishwa, wengine ni wageni, na wapo ambao hawana hamu yoyote ya kutaja jina lao la kweli. Akitaja la kaka yake, kaka mtu atakuja kushangaa siku anaomba kazi. Alama za vidole ni bora zaidi, ila zinadai mashine kwenye kaunta ya kila kituo, na umeme, na mtu aliyefundishwa kuitumia.

Kwa hiyo mbunifu mwenye busara halifanyi jina kuwa ufunguo. Anatenganisha mafungu matatu: mtu, tukio na shauri. Tukio moja linaweza kuzaa kesi tatu. Kesi moja inaweza kubeba makosa kumi ya siku tofauti. Mtu mmoja anaweza kuwa mshtakiwa hapa na shahidi kule. Uhusiano baina ya mafungu hayo unaandikwa wazi, na ikigundulika kwamba Juma wa jalada hili siye Juma wa jalada lile, uzi unakatwa bila kuchana kitambaa chote. Mfumo uliojengwa kwa kudhani kwamba jalada ni mtu na mtu ni kesi utavunjika siku ya kwanza washtakiwa wawili watakapoamriwa kushtakiwa kila mmoja kivyake.

Nyumba moja, au barabara?

Kuna njia mbili kubwa za kuwakutanisha hawa jamaa wanne, na Afrika Mashariki tuna mifano ya zote.

Rwanda walijenga nyumba moja. Mwaka 2016 walianza kutumia mfumo mmoja wa mashauri unaowabeba wapelelezi, waendesha mashtaka, mahakama, magereza na Wizara ya Sheria kwa pamoja. Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda ilipoundwa mwaka 2017 ikaingia humohumo. Jalada linazaliwa kwa mpelelezi na halibebwi na mtu kwapani. Linapohamia kwa mwendesha mashtaka, kinachobadilika ni nani ana ruhusa ya kuliandika. Mawakili na wananchi nao wanafungulia mashauri yao humo. Faida yake iko wazi: mambo yanaandikwa mara moja, na swali la "jalada liko wapi" linakufa. Gharama yake pia iko wazi. Kila taasisi ililazimika kuacha ya kwake, jambo linalohitaji nchi ndogo au amri nzito, au vyote viwili. Halafu nyumba ikikatika umeme wote mnakaa gizani, na mwenye funguo za nyumba ana funguo za vyumba vyote.

Estonia walichagua barabara. Tangu mwaka 2001 wana njia ya kubadilishana taarifa waliyoiita X-Road. Hakuna ghala moja la taifa. Kila taasisi inabaki na kanzidata yake, na ikitaka kitu cha jirani inabisha hodi: swali linatiwa saini ya kidijitali, linagongwa muhuri wa muda, linaandikwa kwenye kumbukumbu, jibu linarudi. Jalada lao la kielektroniki la mashauri ya jinai linapita juu ya barabara hiyo.

Tanzania tumeelekea upande wa barabara. Mahakama ina mfumo wake wa kuratibu mashauri, waendesha mashtaka wana wao, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa meno na sheria ya mwaka 2019, imejenga njia ya pamoja ambayo mifumo ya taasisi mbalimbali inapitishia taarifa. Kenya nao wako kwenye kundi hili: ufunguaji wa mashauri kwa mtandao ulianza Nairobi Julai 2020, korona ikiwa imefunga milango ya mahakama, na tarehe 11 Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akauzindua kwa nchi nzima, waendesha mashtaka wao wana mfumo mwingine waliouita Uadilifu.

Mimi niko upande wa barabara, na sababu yangu si ya kiufundi. Mahakama ni mhimili. Haiwezi kuwa mpangaji kwenye nyumba ambayo seva, nywila na fundi viko chini ya mtu ambaye kesho asubuhi ni mlalamikiwa mbele yake. Hakimu akifuta hati ya kukamata, kusiwe na mtu wa wizarani mwenye uwezo wa kuirudisha usiku. Ukiwa na barabara, rekodi ya mahakama inakaa mahakamani, polisi wanaiuliza.

Ila barabara bila baraza ni lami tu. Kenya wana kitu ninachokionea wivu: Baraza la Kitaifa la Utoaji Haki, lililoundwa na Sheria ya Huduma za Mahakama ya mwaka 2011, ambalo linawakalisha Jaji Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka, polisi, magereza na wengine kwenye meza moja. Ugomvi wa nani aandike nini kwanza unamalizwa pale, haumalizwi na kijana wa TEHAMA. Huku kwetu, Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake Julai 2023, ilifanya jambo la maana kwa kuutazama mnyororo mzima kwa pamoja badala ya kukagua pete mojamoja.

Na tusifichane: si kila mtu anautaka mfumo unaosomana. Msemo wa "upelelezi haujakamilika" umeahirisha kesi nyingi sana katika nchi hii, mpaka mwaka 2022 sheria ikarekebishwa ili, ukiacha makosa makubwa yaliyotajwa, kesi isifunguliwe kabla upelelezi haujaisha. Mfumo mzuri unaonyesha jalada limelala mezani kwa nani, tangu lini. Kuna meza ambazo hazijazoea taa.

"Ameachiwa" ni neno lenye nyumba nyingi

Marekani kuna vyombo vya kusimamia sheria vipatavyo 18,000, kuanzia polisi wa miji mikubwa hadi sherifu wa kaunti yenye ng'ombe wengi kuliko watu. Hakuna mtu angeweza kuwauzia wote programu moja. Walichokubaliana ni kamusi. Wizara ya Sheria na ya Usalama wa Ndani ziliianzisha mwaka 2005, zikijenga juu ya kazi ya awali ya watu wa mahakama na polisi. Kamusi inasema: ukituma taarifa ya mtu, tarehe ya kuzaliwa iandikwe hivi, kosa hivi, hati ya kukamata iwe na sehemu hizi. Kwako ndani ihifadhi upendavyo. Ikitoka nje, izungumze lugha hii.

Kazi ya kamusi inaonekana ya kuchosha mpaka uone inavyoumiza ikikosekana. India tena: kwa zaidi ya karne moja utapeli ulikuwa kifungu cha 420 cha sheria yao ya adhabu, na 420 ikawa tusi la mtaani, mtu akiitwa "mia nne ishirini" watu wanaficha pochi. Tarehe 1 Julai 2024 sheria mpya ikaanza, utapeli ukahamia 318, mauaji yakatoka 302 kwenda 103. Mfumo uliokuwa ukitambua kosa kwa namba ya kifungu peke yake unaamka asubuhi hiyo ukiwa hausomi historia yake. Ndiyo maana kosa linapaswa kuwa na utambulisho wake ndani ya mfumo, kifungu kiwe maelezo yanayoweza kubadilika na kuandikiwa tarehe za uhai wake.

Sasa chukua neno letu "ameachiwa". Mtaani linatosha. Ndani ya mfumo ni hatari. Aliyeachiwa na polisi kwa dhamana ameachiwa. Aliyepewa dhamana na mahakama ameachiwa. Aliyeonekana hana hatia baada ya ushahidi kusikilizwa ameachiwa. Aliyemaliza kifungo, aliyesamehewa na Rais siku ya Muungano, naye pia. Na yupo ambaye Mkurugenzi wa Mashtaka amesema hana nia ya kuendelea na kesi dhidi yake: huyu mlango unafunguliwa, lakini sheria haizuii kumshtaki tena kwa kosa lilelile, na wasomaji wa habari za mahakama mnajua vizuri picha ya mtu anayekumbatiana na mkewe kwenye ngazi huku gari la polisi limewashwa pembeni.

Mfumo wenye kitufe kimoja cha "ameachiwa" umewachanganya wote hao. Mwajiri anayeomba taarifa za uhalifu za mwombaji kazi atamwona aliyesafishwa na mahakama sawasawa na yule mwenye kesi iliyolala. Tangu sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama mwaka 2021, wajibu wa kuyapanga maneno haya umekuja kwetu moja kwa moja. Waandishi wa habari tumekuwa tukiandika "ameachiwa huru" kwa kila anayetoka mlangoni. Hakimu hawezi kufanya hivyo, na kompyuta ndiyo kabisa.

Dakika kumi na tano za Alabama

Ikiwa utasahau yote mengine humu, kumbuka kisa hiki.

Julai 2004, kaunti ya Coffee, jimbo la Alabama. Mtu anayeitwa Herring anakwenda ofisi ya sherifu kuchukua kitu kwenye gari lake lililoshikiliwa. Mpelelezi mmoja anamfahamu, anamtilia shaka, anamwomba karani aangalie kama ana hati ya kukamatwa. Hana. Basi hebu piga simu kaunti ya jirani, Dale. Karani wa Dale anaangalia kompyuta: ndiyo, ipo hati, hakufika mahakamani. Mpelelezi anamfuata Herring barabarani, anamkamata, anampekua. Dawa za kulevya mfukoni, bastola garini.

Wakati huohuo karani wa Dale ameombwa atume nakala ya ile hati. Anakwenda kwenye kabati la karatasi; haipo. Anapiga simu mahakamani, anaambiwa hati hiyo ilifutwa miezi mitano iliyopita. Anapiga simu Coffee haraka kuwatahadharisha. Tangu swali la kwanza mpaka hapo zilipita dakika 10 hadi 15. Herring alikuwa tayari na pingu.

Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Januari 2009, kwa kura tano dhidi ya nne, majaji waliamua kwamba ushahidi ule utumike, kwa kuwa kosa lilikuwa la uzembe wa kutunza kumbukumbu, lisilo la makusudi. Mwaka 1995 walikuwa wameamua vivyo hivyo kuhusu mtu wa Phoenix aliyekamatwa kwa hati iliyofutwa siku 17 kabla. Unaweza kubishana na majaji. Wanne miongoni mwao walibisha. Tazama zaidi jinsi kosa lilivyotokea. Hati ilipotolewa, kila mtu alikuwa na sababu ya kuiingiza kwenye kompyuta. Ilipofutwa, haikuwa na mwenyewe. Karatasi ikaondoka kabatini, skrini ikabaki inasema kamata.

Hivyo ndivyo ilivyo karibu kila mahali. Habari ya kumkamata mtu ina miguu yake yenyewe: askari anaitaka, mlalamikaji anaifuatilia. Habari ya kumwachia husubiri mtu wa kuipeleka, na mara nyingi mtu huyo ni ndugu wa mahabusu mwenye nauli ya daladala. Ukiunganisha mifumo bila kulitazama hili, unaipa baiskeli ile habari iliyokuwa tayari inakimbia.

Kiufundi, swali ni kama polisi wanabaki na nakala au wanauliza upya kila mara. Nakala ni maziwa. Ukichota orodha ya hati za kukamata kila Jumatatu, ifikapo Ijumaa imeanza kuchacha, na askari hawezi kujua kwa kuitazama. Kuuliza upya kunahakikisha ukweli unabaki mmoja, lakini kunadai mtandao uwe hai, na kuna vituo ambavyo mtandao ni wa kupanda mlima na simu mkononi. Suluhisho la kati ni nakala yenye tarehe ya kuisha: hati ionekane kwenye skrini ikiwa na saa ilipothibitishwa mara ya mwisho, na ikipita muda fulani mfumo ukatae kusema kamata mpaka uulizwe tena. Amri inayomaliza jambo, iwe kufuta hati, kumwachia mtu au kuondoa kesi, isingoje kuulizwa. Isukumwe kwa wote waliowahi kupewa ile ya mwanzo, na kila mmoja arudishe jibu kwamba imefika. Asiyejibu ndani ya saa kadhaa apigiwe simu na binadamu.

Kufuta nako kuna hatari zake. Januari 2021 huko Uingereza, programu iliyotakiwa kusafisha rekodi za watu waliokamatwa na kuachwa bila hatua zaidi ilikosea, ikafuta rekodi za makosa zaidi ya laki mbili kwenye kompyuta ya taifa ya polisi ambazo hazikutakiwa kuguswa. Kusahau, kwenye mifumo hii, ni kazi inayohitaji uangalifu kuliko kukumbuka.

Kusomana, na kutosomana

Kuna jambo ambalo wachuuzi wa mifumo hawapendi kulisikia: sehemu ya haki imejengwa juu ya kutojua. Hakimu hapaswi kujua kwamba mshtakiwa aliwahi kufungwa kwa wizi kabla hajaamua kama safari hii ameiba. Rekodi ya nyuma inaulizwa baada ya kutiwa hatiani, wakati wa kupima adhabu. Sasa fikiria mfumo "uliounganishwa vizuri" ambao hakimu akibofya jina, pembeni linajitokeza pambo jekundu lenye historia yote ya polisi. Fundi ataona ametusaidia. Rufaa itaona vingine.

Mtoto aliyekinzana na sheria rekodi yake haipaswi kusafiri kama ya mtu mzima. Anwani ya shahidi isionekane kwa kila askari mwenye nywila. Maoni ya wakili wa serikali kuhusu udhaifu wa kesi yake ni ya kwake. Na wakili wa utetezi, ambaye kwa kawaida hakumbukwi kabisa wakati wa kubuni, apate mlango. Upande wa mashtaka ukipata vielelezo kwa kubofya mara moja huku mwenzake akipanga foleni na bahasha kuomba nakala, mizani imeinamishwa na programu.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu yao ilionyesha makali yake ilipotamka kwamba usambazaji wa kadi za Huduma, yaani vitambulisho vya kidijitali vya taifa, ulikiuka sheria kwa kuwa tathmini ya athari kwa taarifa za watu haikufanywa kwanza. Sheria hizi zina milango ya kupitisha kazi za upelelezi, kama inavyopaswa. Kinachobaki kuwalinda watu ni nyayo: kila anayefungua rekodi aandikwe ni nani, saa ngapi, kwa jalada lipi. Askari anayetafuta habari za mchumba wa zamani wa mkewe ajue jina lake limebaki pale. Estonia wamekwenda mbali zaidi, raia anaweza kujitazamia mwenyewe nani amechungulia taarifa zake. Huko bado tuna safari.

Muhuri

Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu, mama wa makamo, kwenye mahakama moja ya wilaya kumwekea dhamana mtoto wa dada yake. Kijana alikuwa rimandi tangu Jumatatu. Alhamisi barua za mtendaji wa mtaa zikakubaliwa, wadhamini wakahojiwa, hakimu akasaini. Karani, binti mchangamfu, akageuza skrini kidogo ili mama yule aone: jina la kijana, na mbele yake neno la kijani. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Mama akashukuru, akauliza basi anatoka saa ngapi.

"Mama, mfumo umeshamwachia," karani akasema. "Kilichobaki ni gari."

Akachapisha amri ileile, akaigonga muhuri, akaiandika pia kwenye daftari kubwa la kurasa zenye mistari, maana wakubwa wanataka takwimu za mfumo na za daftari zilingane. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Tulikwenda gerezani kesho yake asubuhi, karatasi ikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Askari wa getini alikuwa na kompyuta. Alitafuta jina, akalipata, akalisoma kwa sauti na kutikisa kichwa kwamba ndiye. Kisha akanyoosha mkono dirishani.

"Humu yupo, nimemwona," akasema. "Nipe ile yenye muhuri."